Nimerudi kutoka kongamanoni, wenzangu wamenuna na swali la jaji halinitoki kichwani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu chuoni, nasomea uhandisi wa mazingira. Muhula uliopita tulipewa kazi ya kundi, tukiwa wanne. Tukatengeneza chujio la mchanga la kusafishia maji ya mto. Tulilijenga ndani ya pipa, tukapima tope la maji kabla hayajapita kwenye mchanga na baada ya kupita, na matokeo yakatufurahisha mno. Maji yaliingia na rangi ya udongo, yakatoka maangavu. Msimamizi wetu akasema kazi hii inafaa kupelekwa kwenye kongamano la wanafunzi wa taaluma yetu, lile linaloandaliwa na chama cha wataalamu pamoja na matawi yake ya vyuoni. Tukaandika ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa kazi, ikakubaliwa kwa kikao cha mabango.

Shida ilianzia hapo. Tawi letu lilikuwa na fedha za nauli na malazi ya mtu mmoja tu. Msimamizi akanichagua mimi kwa kuwa sehemu kubwa ya ripoti niliiandika mimi. Wenzangu wakasema hawana neno.

Kongamano lenyewe, Shangazi, lilinitisha. Wanafunzi wa vyuo vingine walikuwa wakizungumza kama watu walioajiriwa tayari. Nililibandika bango langu asubuhi, nikasimama pembeni yake. Lilikuwa na kila kitu: utangulizi, mbinu, majedwali, mjadala, marejeo. Watu walipita, wakatazama kichwa cha habari, wakatabasamu, wakaenda zao. Majaji wakaja wawili. Mmoja wao, mama mtu mzima, mhandisi, alilisoma jedwali la matokeo taratibu, kidole kikifuata mstari kwa mstari, kisha akaniuliza: "Mlipoanza kupima, chujio lilikuwa limeshapevuka?" Sikujua anauliza nini. Nikamjibu kwamba mchanga tuliuosha vizuri. Akanyamaza kidogo, akauliza tena: "Na bakteria, mlipima?" Hatukupima. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanipa kadi yake, akasema, "Niandikie, mwanangu, hii kazi ina kitu." Akahamia bango la jirani.

Tuzo hatukupata. Jioni, watu walipokuwa wanajuana na kubadilishana namba, nilisimama ukutani nikijifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Sasa nimerudi chuoni na mambo si kama zamani. Picha niliyopiga nimevaa beji niliiweka kwenye mtandao, na tangu hapo wenzangu wa kundi wananiita "mheshimiwa mjumbe". Nikiingia wanapojisomea, mazungumzo yanakatika. Mmoja wao ndiye ninayekaa naye chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, na sasa tunapishana mlangoni kama wageni. Juu ya hayo, siku niliyosafiri mwalimu wa somo moja alitoa jaribio, na hataki kunipa jingine kwa sababu sikuwa na barua ya ruhusa. Nyumbani bado hawajui.

Naomba uniambie ukweli. Makongamano haya ni ya watu kama mimi kweli? Yule mama nimwandikie, au alikuwa ananitia moyo tu ili nisilie? Wiki kadhaa zimeshapita. Na je, nijitoe kwenye tawi nirudi kwenye vitabu vyangu?

Ni mimi, mwanafunzi nisiyelala

*

Marahaba mwanangu,

Nitaanza na swali la yule jaji, maana ndilo linalokunyima usingizi, na mengine mengi yanafunguka ukilielewa hilo.

Chujio la mchanga la aina mliyojenga hufanya kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kukamata tope katikati ya chembe za mchanga, na hiyo huanza kuonekana mapema. Ndiyo maana maji yenu yalitoka maangavu. Kazi ya pili hufanywa na viumbe hai wadogo wanaojijenga juu ya mchanga, kwenye utando mwembamba wenye utelezi. Utando huo ndio unaopunguza sana vijidudu vya maradhi, na haujengeki kwa siku moja. Huchukua siku kadhaa hadi wiki chache, kutegemea joto na maji yenyewe. Utando ukishakomaa ndipo wahandisi husema chujio limepevuka. Kwa hiyo mama yule alikuwa anakuuliza jambo moja la msingi: maji yenu yalikuwa maangavu, je, yalikuwa salama? Ndiyo sababu swali la bakteria likafuata papo hapo. Lilikuwa swali lilelile, kalirudia kwa njia nyepesi ili ulipate.

Swali hilo lina uzito wa historia. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio la mchanga la kusafishia maji ya mto Thames yaliyokuwa yakipelekwa kwa wakazi wa London. Wakati huo hakuna aliyejua habari za bakteria wa maradhi. Walichotaka ni maji yasiyo na tope. Kisha mwaka 1892 kipindupindu kikaingia Hamburg, Ujerumani, mji uliokuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji jirani wa Altona ulikuwa ukichota mto huohuo, tena upande wa chini ambako maji yalikuwa yameshapokea uchafu wa Hamburg, lakini wao waliyapitisha kwenye mchanga. Altona iliguswa kidogo sana. Sasa rudi kwenye pipa lenu ulitazame upya. Mmeshika kazi iliyowahi kutenganisha uhai na kifo kati ya miji miwili iliyopakana, na mmeifanya nusu. Nusu mliyoifanya, mmeifanya vizuri.

Nimekaa kwenye viti vya majaji wa mabango. Jaji ambaye hajaona kitu kwenye bango husoma kichwa cha habari, huuliza jina la chuo, hukutakia heri na kuondoka. Hafuatishi jedwali kwa kidole. Mama yule alisoma takwimu zenu zote, akaona pengo, akakuonyesha pengo liko wapi, akakupa na njia ya kumpata. Unaniuliza kama alikuwa anakutia moyo tu. Mtu anayetaka kukutia moyo tu hakuulizi maswali mawili magumu mfululizo. Wewe umetoka pale na kumbukumbu ya aibu, nami nasema katika watu wote waliorudi na vyeti na tuzo, ni wachache waliorudi na kitu kama ulichorudi nacho wewe: mtaalamu aliyekwambia kazi yako inayofuata ni ipi.

Siku nyingine ukiulizwa usilolijua, jibu ni fupi: "Hilo hatukuliangalia, naomba unieleze." Wataalamu wanaliheshimu jibu hilo kuliko la mchanga ulioshwa vizuri, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Mwandikie. Tena wiki hii. Najua unajiambia kwamba muda umepita, kwamba hakujui, kwamba atashangaa. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza wakati ule walikuwa wakionana naye kwa kiasi gani. Waliosema wanaonana naye mara nyingi walikuwa chini ya asilimia 17. Waliobaki walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja, au kwa nadra sana. Sababu yake haihitaji miujiza: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, wako bweni moja na wewe, wanasoma matangazo yaleyale ubaoni. Mtu wa mbali ndiye mwenye habari usizozijua. Kwa hiyo si kasoro kwamba huyo mama hakufahamu vizuri wewe.

Ila usimwombe kazi, wala nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Bado. Mwandikie kuhusu alichokuuliza. Barua pepe yenyewe iwe fupi, yenye kichwa kinachomkumbusha wewe ni nani, kwa mfano "Chujio la mchanga, kikao cha mabango". Halafu kitu kama hiki:

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ndiye mwanafunzi uliyeniuliza kwenye kikao cha mabango kama chujio letu lilikuwa limepevuka tulipoanza kupima. Siku ile sikuwa na jibu. Nimesoma zaidi na nimeelewa kwamba vipimo vyetu vya tope havitoshi kuonyesha kama maji ni salama. Tunapanga kuliwasha chujio upya kwa mchanga safi, na kupima bakteria wa E. coli kwenye maji yanayoingia na yanayotoka, kila baada ya siku chache, tuone utando unavyojijenga. Naomba ushauri wako juu ya jambo moja: tupime kwa muda gani ndipo tuwe na haki ya kusema limepevuka? Nakushukuru kwa kulisoma bango letu kwa makini. Wenzangu niliofanya nao kazi hii wamo kwenye barua hii."

Angalia: swali ni moja, linajibika kwa mistari mitatu akiwa ofisini, na hakuna maneno ya kujidhalilisha. Usianze kwa kuomba radhi nyingi za kuchelewa. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa upole. Akinyamaza tena, mwache. Watu wana kazi nyingi. Na swali lako bado ni zuri, mpelekee msimamizi wenu.

Umeuona mstari wa mwisho wa barua ile, ule wa wenzako? Hapo ndipo napotaka tukae kidogo.

Nimeisoma barua yako tena nikitafuta mahali uliposema kwamba uliwasimulia wenzako yaliyotokea kongamanoni. Sikupaona. Umenisimulia mimi nisiyekujua habari ya kidole cha jaji kwenye jedwali, habari ya kusimama ukutani jioni, habari ya kadi. Wao wanne-kasoro-wewe, waliobeba mchanga, waliokesha na vipimo, wameona kitu kimoja tu: picha yako na beji. Hebu jiweke mahali pao. Kazi ni ya watu wanne, aliyesafiri ni mmoja, na kilichorudi ni picha. Jina la "mheshimiwa mjumbe" linaumiza, nakubali, na si haki kukuita hivyo maana uamuzi wa nani aende haukuwa wako. Lakini ndani ya dhihaka ile kuna dai halali. Mjumbe hutumwa, na akirudi hutoa taarifa. Wanadai taarifa yao.

Basi wape. Anza na mwenzako wa chumbani, peke yenu, kabla hujawaita wengine. Usianze na lawama za kununiana. Mwambie tu, "Nilikuwa nimeogopa, na nilirudi naona haya." Mtu mliyeishi naye tangu mwaka wa kwanza anaijua sauti yako ukiwa unasema kweli. Kisha waite wote, litandazeni bango sakafuni, na uwasimulie siku ile kuanzia asubuhi hadi jioni, pamoja na lile jibu la mchanga. Waambie maswali yote mawili kama yalivyoulizwa. Najua unaogopa kwamba watakucheka au watasema wangejibu vizuri kuliko wewe. Huenda mmoja akasema hivyo. Mwulize yeye, kwa moyo mweupe kabisa, angejibu nini. Mtajikuta mnajadili chujio, na hapo kundi limerudi kuwa kundi.

Halafu mgawane kazi mpya, maana kuna kazi. Mchanga uliokaa kavu muda wote huu hauna tena utando wowote wa maana, kwa hiyo anzeni na mchanga safi ili muone mambo tangu mwanzo. Chujio linatakiwa lipate maji kila siku, likikauka wale viumbe wanakufa, na hilo pekee linahitaji watu kupokezana zamu hata wikendi. Ombeni nafasi kwenye maabara inayopima vijidudu. Chuo chenu kikiwa na idara ya biolojia au ya afya, wanayo. Msimamizi awaandikie barua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi kwenye maji, isionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, kwa hiyo mna kipimo cha kujilinganisha nacho kinachojulikana na kila mtu. Chujio lenu huenda lisifike hapo. Andikeni lilipofikia.

Jambo jingine dogo la haki: waandikie waandaaji uwaulize kama wanaweza kutoa cheti cha uwasilishaji chenye majina yote manne, kama yalivyo kwenye ikisiri. Wakikubali, kipeleke kwa wenzako mkononi. Na kwenye wasifu wako wa kazi, andika majina yote.

Kuhusu bango kupitwa na watu, hilo halikuhusu wewe. Lilikuhusu maandishi. Bango la ukubwa wa A0, milimita 841 kwa 1189, linaonekana kubwa likiwa mezani, na kila mwanafunzi huingiwa na tamaa ya kulijaza ripoti nzima. Mtu anayepita amebeba mkoba na kikombe hana dakika za kusoma ripoti akiwa amesimama. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu wa saikolojia Marekani, alipendekeza bango ambalo katikati yake kuna sentensi moja tu, kubwa, kwa lugha ya kawaida, inayosema mlichogundua. Maelezo mengine yanakaa pembeni. Si kila mtu anaupenda mtindo huo na kuna waandaaji wanaotaka mpangilio wao, ila lile wazo la sentensi moja lishike. Lenu lingesema: "Pipa la mchanga liliondoa tope la maji ya mto." Anayetaka majedwali atasogea.

Na ule ukuta wa jioni: wengi wa waliokuwa katikati ya ukumbi walikuja na wenzao, hawakuwa na ujasiri kuliko wewe. Ukiwa peke yako, nenda kwa aliyesimama jirani na bango lako mchana. Tayari mna la kuzungumza.

Sasa tawi. Usijitoe. Ila hujaniambia kama una cheo humo, na kama unacho, kitazame kwa makini mwaka huu wa tatu ambao masomo ya fani yanakaza. Uanachama unakugharimu mikutano michache. Uongozi unakula usiku wako, barua za kuomba ufadhili, ugomvi wa ratiba, simu saa za kujisomea. Baki mwanachama, uongozi uachie anayeutaka, angalau mpaka majaribio ya chujio yaishe. Vitabu unavyotaka kuvirudia ndivyo hivyohivyo vinavyokwambia habari ya utando wa mchanga, kwa hiyo sioni kwa nini uvitenge na tawi kana kwamba ni wake wenza.

Lile jaribio ulilokosa, nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na barua ya kukubaliwa kwa ikisiri na ya mwaliko, umweleze bila kumshtaki mwalimu wako. Vyuo vingi vinataka ruhusa iombwe kabla ya safari, na wakishikilia utaratibu wao, hutakuwa na hoja. Msimamizi aliyekuteua anaweza kukuandikia maelezo mafupi, na ni haki yako kumwomba. Ikishindikana, piga hesabu ya alama unazohitaji kwenye mtihani wa mwisho na uzisomee. Wazazi waambie mapema, wewe mwenyewe, kabla matokeo hayajawafikia. Waambie pia ulikwenda kufanya nini kongamanoni, maana nadhani hilo nalo hujawaambia kwa urefu wake.

Na mwakani, ikisiri mpya ikikubaliwa na nauli ikawa tena ya mtu mmoja, wewe usiende. Aende aliyepima bakteria, na umfundishe kabla hajaondoka namna ya kujibu yule mama akitokea.

Shangazi yako